Kijana wa bugaluu

Jamani, jana vishandu, wale vibaka wa pikipiki, nusura wanimalize Kariakoo. Saa tano usiku, maduka yamefungwa, bajaji hata ya dawa hakuna. Pikipiki mbili, zote mshikaki, zikanipita taratibu Mtaa wa Sikukuu, halafu zikageuza. Wa nyuma kashika panga, wala halifichi.

Nikashtukia navutwa mkono. "Pita huku, dada!" Kijana ana afro, suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni. Nikadhani katoka kwenye sherehe ya mavazi ya zamani. Akaniingiza kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili za Kiswahili, tukatokea uani, tukajibanza nyuma ya pipa la maji. Pikipiki zikanguruma pale nje weee, mwisho zikaondoka.

Akaninong'oneza, "Hawa wote na mapikipiki, ni polisi?" Kisha, "Nyie huku, soko la Kariakoo, lile alilolichora msanifu Amuli, limeshakwisha kujengwa?"

Nikamwambia kaka, lile soko lilifunguliwa 1975, likaungua 2021. Alivyonitazama, utadhani kichaa ni mimi. Akanisindikiza mpaka Msimbazi, kwenye kituo cha mwendokasi. Kugeuka nimshukuru, hayupo.

Leo mchana nimerudi. Uchochoro hakuna, nyumba za Kiswahili hakuna. Pamesimama ghorofa, chini wanauza vitenge. Mama mdogo anasema ni jini, mume wangu anasema ni njaa. Simu ninayo, pochi ninayo, sibishani na mtu.

Kaka wa bugaluu, kama umefika salama kwenu, nunua kiwanja Mbezi Beach mapema, uandike jina langu.