Kumbukumbu ya mradi: kuwatafuta besi wa Ziwa Champlain mwishoni mwa majira ya joto

Mradi wangu wa mwaka huu una lengo moja, nalo ni kujua samaki aitwaye besi wa mdomo mdogo hukaa wapi katika Ziwa Champlain, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kuanzia katikati ya Agosti hadi Septemba inapokwisha, na ni nini kinachowahamisha. Wavuvi wengi wa hapa Burlington, mji wa jimbo la Vermont ulio kando ya ziwa, hukiona kipindi hicho kuwa kigumu, kwa sababu samaki waliokuwa wakionekana kwenye kina kifupi mwezi Juni, walipokuwa wakilinda mayai, wameshatawanyika, na maji ya juu yana joto linalolingana karibu kila mahali. Baada ya kupima maji na kuvua msimu huu wote, msimamo wangu ni kwamba katika ziwa kubwa kama hili, upepo uliovuma siku tatu au nne zilizopita hutueleza mengi zaidi kuhusu mahali walipo samaki kuliko joto la hewa la leo.

Sababu yake imo katika umbo la ziwa lenyewe. Champlain lina urefu wa takriban kilomita 190 kutoka kusini hadi kaskazini, ilhali mahali lilipo pana zaidi halizidi kilomita 20, na kina chake kikubwa, karibu na mji wa Charlotte, ni kama mita 120. Limelala katika bonde lililo kati ya milima ya Adirondack upande wa New York na milima ya Vermont upande wa mashariki, hivyo upepo wa kusini wa majira ya joto hupata njia ndefu iliyonyooka, na huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini saa baada ya saa.

Msomaji aliyekulia Kigoma, Uvira au Bujumbura ataitambua hali hii mara moja. Ziwa Tanganyika nalo ni refu na jembamba, na kusi inayovuma kati ya Mei na Septemba hulundika maji ya vuguvugu upande wa kaskazini, huku maji baridi yenye rutuba yakipanda juu upande wa kusini, huko Mpulungu. Upepo unapotulia, matabaka hayo hayarudi mahali pake kwa utulivu, bali huyumba huku na huku kama maji yaliyomo ndani ya karai lililoinamishwa kisha likawekwa chini ghafla. Tanganyika huchukua wiki kadhaa kukamilisha myumbo mmoja. Champlain, kwa kuwa ni dogo zaidi, huchukua takriban siku nne, na myumbo huo unaweza kulipandisha au kulishusha tabaka la maji baridi kwa mita nyingi bila mtu aliye juu ya maji kuona chochote.

Mwishoni mwa Agosti sehemu kuu ya ziwa huwa na tabaka la juu lenye nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi, kisha tabaka jembamba la mpito ambamo joto hushuka kwa kasi, kisha kilindi chenye baridi kali mwaka mzima. Besi wa mdomo mdogo, ambaye wataalamu humwita Micropterus dolomieu, huendelea kuishi katika tabaka la juu na kwenye ukingo wa tabaka la mpito, hasa pale ukingo huo unapogusa mwamba. Hapo ndipo mradi wangu ulipoelekea: kutafuta mahali ambapo mwamba, ukingo wa baridi na samaki wadogo hukutana kwa wakati mmoja.

Kifaa changu ni chupa yenye kizibo, iliyofungwa chubwi nzito na kamba yenye fundo kila mita moja. Chupa ikifika kina ninachokitaka, ninavuta uzi uliofungwa kwenye kizibo, maji yanaingia, ninaipandisha haraka na kutumbukiza kipimajoto. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kutofautisha nyuzi 20 na nyuzi 13, na tofauti hiyo ndiyo inayomhusu mvuvi. Ninapima karibu na mwamba wa Colchester, kaskazini mwa Burlington, na kandokando ya tuta la zamani la reli, lile lililojengwa kwa mawe makubwa ya marumaru mwishoni mwa karne ya 19 na ambalo siku hizi ni njia ya baiskeli. Tuta hilo ni zawadi kwa mvuvi asiye na boti, kwa sababu linaingia ziwani kilomita kadhaa, na mawe yake yanashuka moja kwa moja kwenye maji yanayopendwa na besi.

Nusu ya pili ya Agosti. Upepo wa kusini ulivuma mfululizo, na maji ya vuguvugu yalikuwa mengi upande wetu: joto la kina cha mita 12 lilikaribiana sana na la juu. Samaki walikuwa wametawanyika katika vina vingi, wakifuata makundi ya samaki wadogo badala ya kukaa mahali pamoja. Hapo mbinu iliyofaa ilikuwa kutembea sana. Alfajiri kabla upepo haujaamka nilitumia chambo bandia cha kuelea, nikikirusha mbali na kukivuta kwa mapumziko marefu juu ya miamba iliyo karibu na maji mengi, na nikawatazama shakwe, kwa kuwa wanapozunguka mahali pamoja wakiteremka, kwa kawaida chini yao kuna elwaifu wanaosukumwa juu. Elwaifu ni samaki mdogo wa rangi ya fedha, wa ukoo mpana uleule wa dagaa wa Tanganyika. Si mwenyeji wa ziwa hili. Aligunduliwa katika Ghuba ya Missisquoi, kaskazini mwa ziwa, mwaka 2003, na tangu alipoenea, besi wengi huonekana wakiwinda majini wazi, mbali na mwambao.

Upepo ulipokoma, mambo yalibadilika kabisa, na sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Baada ya siku chache za shwari, chupa ilileta maji ya baridi kutoka kina kilekile cha mita 12, na samaki waliokuwa wametawanyika wakabanwa katika ukanda mwembamba wa mita 6 hadi 9 kwenye mabega ya miamba. Sasa haikuwa tena kazi ya kutembea, bali ya kutulia. Nilifunga ndoano ndogo juu na chubwi chini yake kwa umbali wa shubiri moja na nusu hivi, chambo laini chenye umbo la samaki mdogo kikaning'inia bila kugusa mawe, nikakitikisa kidogo na kukiacha. Besi wa wakati huu hawavamii. Hudonoa, kisha mshipi huwa mzito, na anayengoja mshtuko mkubwa hatawanasa. Walipokataa hicho, nilikokota taratibu juu ya mawe chambo cha plastiki chenye umbo la bomba na rangi ya kahawia, kinachofanana na kamba wa ziwani mwenye magando ambaye besi humla sana.

Maji ya Champlain yamekuwa maangavu katika sehemu nyingi tangu kome-pundamilia, kome wadogo wenye mistari, walipoingia mwaka 1993 na kuanza kuyachuja. Kwa sababu hiyo natumia mshipi mwembamba wa flurokaboni, plastiki isiyoonekana kwa urahisi majini, na kurusha mbali, na jua likiwa kali nasogea kwenye kina zaidi au upande wenye mawimbi, ambako mwanga huvunjika.

Besi wa mdomo mkubwa nimewagusa kidogo tu. Huyu ndiye aliyepelekwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na hapa hukaa katika majani ya majini ya kusini, kuelekea Ticonderoga, na katika ghuba tulivu. Mwishoni mwa majira ya joto majani yanapoanza kuoza, napendekeza kutafuta yale yaliyobaki mabichi. Ghuba ya Missisquoi, ambayo ni ya kina kifupi na hupokea fosforasi nyingi kutoka mashambani, nimeiacha kabisa mwezi Agosti kwa sababu ya bakteria wa kijani-samawati wanaofunika maji na ambao wanaweza kutoa sumu. Utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika ukionekana, mtoto wala mbwa asiingizwe majini hapo.

Jambo la kuwaachilia samaki warudi majini nalijali sana. Besi anayevutwa haraka kutoka chini ya mita 9 au 10 hupanuka mfuko wa hewa na huenda asiweze kurudi chini, na maji ya joto humchosha zaidi. Kwa hiyo sivui chini ya kina hicho hata nikijua wapo, na samaki ninayemrudisha hakai nje ya maji. Najua kwamba kwetu samaki huvuliwa aliwe, na mimi pia hula. Lakini Idara ya Afya ya Vermont inashauri kupunguza ulaji wa besi kwa sababu ya zebaki, hasa kwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na familia zetu zinastahili kuujua ushauri huo kwa lugha wanayoielewa. Kwa mezani nachagua samaki wengine wa hapa, perchi wa manjano wadogo. Chubwi zangu ni za metali ya tangsteni, kwa sababu tangu 2007 Vermont hairuhusu kutumia chubwi za risasi za nusu aunsi au pungufu, ambazo huwaua ndege wa majini aina ya luni wanapozimeza.

Kuhusu usalama, kayaki yangu haitoki upande wa sehemu pana upepo wa kusini unapoanza kuvunja vilele vya mawimbi. Siku hizo navua kutoka kwenye tuta, upande unaopigwa na upepo, na mara nyingi huko ndiko chakula cha besi kilikosukumwa.

Hatua inayofuata ni kupima mahali pawili siku hiyohiyo, moja kaskazini kwenye tuta na nyingine kusini karibu na Rasi ya Thompson, ili nione kama maji baridi yanapanda huku yanaposhuka kule. Septemba inavyosonga, maji ya juu yatapoa kuelekea nyuzi 16, tabaka la mpito litazidi kushuka, na besi wa mdomo mdogo wataanza kukusanyika kwenye miamba ya nje wakijilisha kabla ya majira ya baridi. Kamba ya chupa nimeshairefusha hadi mita 25.