Nailoni, kalamu mbili na mama mdogo: nilivyochambua tamthilia nikiwa Ujiji

Tasnifu yangu imepita. Imefungwa kwa gamba la bluu na imesainiwa. Naandika haya nikiwa kibarazani kwa mama mdogo, hapa Ujiji, kwa sababu wadogo zangu wa chuo wananipigia kila siku kuuliza nilifanyaje, na nimechoka kurudia maneno yale yale kwenye simu.

Mada yangu ilikuwa namna tamthilia ya televisheni inavyowaonyesha dada wa kazi na walinzi kwa kutumia kamera, sauti, uhariri na maleba, yaani mavazi ya waigizaji. Tamthilia niliyoichagua ni moja ya zile za nyumba kubwa ya Dar es Salaam, geti jeusi, sebule ya makochi meupe. Siitaji jina hapa, maana waliyoyafanya wao wanayafanya wengi.

Nianze na ushauri mbovu, kwa sababu bado unanikera. Mwenzangu aliyemaliza kabla yangu alinitumia karatasi aliyoiita funguo. Kamera ikipiga kutoka chini, mhusika ana nguvu. Ikipiga kutoka juu, mhusika ni mnyonge. Uso ukisogezwa karibu, hapo kuna hisia. Taa ikififia, kuna hatari. Akaniambia nitafute sini, yaani tukio moja ndani ya tamthilia, nilinganishe na orodha, niandike. Nikamwamini, nikaandika kurasa kumi na nne.

Humo ndani mlikuwa na sini ya mlinzi. Bosi yuko ndani ya gari, mlinzi amesimama dirishani, kamera iko kwenye kiti cha bosi inamtazama mlinzi kwa chini. Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba mlinzi amepewa nguvu. Msimamizi wangu alizungushia sentensi hiyo wino mwekundu, pembeni akaandika: "Nguvu gani? Huyu mtu anaomba nauli ya kwenda kumzika mama yake."

Niliirudia ile sini mara nyingi usiku ule. Kweli kamera iko chini, lakini iko chini kwa sababu bosi amekaa. Tunamtazama mlinzi kwa macho ya bosi. Paa la gari limemkata kichwa, dirisha limemkata miguu, na kilichobaki ni mkanda, rungu, na mikono miwili inayokunjakunja kofia. Anaongea habari ya msiba na hatuuoni mdomo wake. Kioo kinapanda akiwa katikati ya neno. Orodha ile isingeweza kuniambia hayo, kwa sababu pembe ya kamera haina maana yake peke yake. Uliza kwanza jicho hilo ni la nani.

Nikarudi nyumbani likizo na laptopu, sina mbele wala nyuma. Aliyenifungua ni mama mdogo. Alifanya kazi za ndani Dar zaidi ya miaka kumi kabla ya kurudi Ujiji kuuza mawese. Jioni moja alikuwa amekaa karibu yangu anachambua mchele, ungo mapajani, mimi naangalia sehemu ya tatu ya tamthilia. Hakuwa hata akitazama vizuri. Mara akasimamisha mkono juu ya ungo.

"Mwanangu, huyo binti mbona hana kichwa?"

Nikarudisha nyuma. Binti anaingia sebuleni na chai. Fremu inakata juu ya kifua chake: tunaona sinia, vikombe, khanga iliyofungwa kiunoni. Anainama, anamimina, anatoka. Mama mwenye nyumba anaendelea kuongea, fokasi iko kwake muda wote, na binti ni ukungu unaopita mbele. Nikatafuta kila anapoingia sebuleni katika sehemu ile. Mara tano. Mara ya kwanza tunaonyeshwa uso wake ni pale anapovunja glasi, na hapo kamera iko juu, yeye yuko sakafuni anaokota vipande. Maana yake uso wake tumefahamishwa nao siku ya kosa.

Sasa nitasimulia ujanja wangu, na ninajivunia. Nilipanda bodaboda hadi soko la Mwanga, nikanunua nailoni angavu ya kufunikia meza, kama elfu mbili hivi, na kalamu mbili za wino, nyekundu na bluu. Nikakata nailoni saizi ya kioo cha laptopu, nikaibana kwa selotepu. Kila mtu anapoongea nasimamisha picha, natia nukta pale yalipo macho yake. Nyekundu kwa wenye nyumba, bluu kwa wafanyakazi. Kama macho hayaonekani, natia msalaba pale yangekuwepo, hata kama ni nje ya fremu, kwenye ukingo wa plastiki. Sehemu moja, nailoni moja.

Baada ya sehemu sita nikazipanga nailoni zote, moja juu ya nyingine, nikaziinua dirishani. Nukta nyekundu zimekaa kundi moja, juu kidogo ya katikati, zimetulia kama watu waliokaa kikaoni. Za bluu zimetawanyika kingoni na chini, na misalaba imejaa ukingo wa juu. Msimamizi alipoziona alizishika kwenye mwanga muda mrefu bila kusema neno, halafu akaniambia niziweke zote kwenye kiambatisho. Sikuhitaji tena kumshawishi mtu kwa vivumishi.

Kwa sauti nilifanya jambo rahisi zaidi: nilifunika kioo kwa khanga, tukasikiliza tu, mimi na mama mdogo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kila binti anapokaribia kuingia, kinanda fulani cha kuchekesha kinaanza sekunde moja au mbili kabla. Hajafungua mdomo na tumeshaambiwa tucheke. Mhusika anasema ametoka Kasulu, lakini lafudhi ile si ya Waha wala ya Wamanyema wetu. Ni mchanganyiko wa kila lafudhi inayochekwa mjini. "Kasulu ya wapi hiyo?" aliuliza mama mdogo, na kwa kweli alikasirika. Ukimaliza kusikiliza, fanya kinyume chake: zima sauti, tazama picha peke yake. Jicho na sikio vikiwa pamoja vinafichana makosa.

Uhariri ndio uliotaka subira. Hapa nilisaidiwa na jaribio la mwongozaji wa filamu Mrusi, Lev Kuleshov, la takriban miaka mia moja iliyopita. Inasimuliwa kwamba alichukua picha ile ile ya uso wa mwigizaji, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke, na watazamaji wakaona njaa, huzuni na mapenzi katika uso usiobadilika. Yaani hisia tunaipata kwenye kiungo baina ya shoti na shoti, kipande kimoja cha picha na kinachofuata. Basi nikajiuliza: nani anapewa hicho kiungo? Katika sini ya familia kumtuhumu binti kwa wizi, kila neno la mama linafuatwa na uso wa baba, wa mtoto wa kiume, hata wa shangazi mgeni. Binti anayezungumziwa amesimama mle mle chumbani, na picha haihamii kwake hata mara moja. Tumenyimwa nafasi ya kumwona anavyoumia.

Mtaulizwa kwenye utetezi wa tasnifu: je, huenda chumba kilikuwa kidogo, kamera ni moja, muda umekwisha? Mimi niliulizwa. Jibu langu lilikuwa kwamba chumba ni kile kile na kamera ni ile ile, na mgeni aliyeingia kwa mlango ule ule alionyeshwa uso tangu hatua ya kwanza. Nia ya mwongozaji siwezi kuijua na sikuiandika. Niliandika kilichomo kwenye fremu. Pia msifiche kinachowapinga. Katika sehemu ya sita kuna sini nzuri sana: binti amekaa ngazi ya nyuma usiku anapiga simu nyumbani, kamera iko usawa wa macho yake, shoti moja ndefu bila muziki, bomba linadondoka. Niliipa kurasa mbili nzima.

Nadharia niliiweka mwishoni, baada ya nukta zangu. Laura Mulvey, aliyeeleza mwaka 1975 jinsi kamera za Hollywood zinavyomtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume, alinisaidia kwenye lile swali la jicho ni la nani. Lakini niliyemtegemea zaidi ni Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaica aliyefundisha Uingereza. Mwaka 1973 alieleza kwamba mtazamaji anaweza kuipokea maana aliyowekewa, akaijadili, au akaikataa. Niliposoma hapo nilimwona mama mdogo na ungo wake.

Yeye ndiye aliyenipa sura ya mwisho. Nilimwomba abebe sinia la chai kutoka jikoni hadi kibarazani, nikamrekodi kwa simu mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama, simu usawa wa uso wake, nikamfuata hadi alipoketi. Mara ya pili nilikaa kwenye kiti, simu mapajani, nikamwacha apite. Nikamwonyesha zote. Ya kwanza alitabasamu, akarekebisha mtandio. Ya pili aliitazama hadi mwisho, akanyamaza kidogo.

"Hapa mimi ni sinia tu."

Niliyanukuu maneno yake kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake.

Bando la intaneti lilinila kama elfu thelathini, pengine zaidi, maana unarudisha nyuma sini moja mara ishirini. Nailoni zangu nimempa mdogo wangu wa mwaka wa pili anayetaka kuchunguza wavuvi wanavyoonyeshwa. Mkinunua kalamu chukueni zile za wino usiofutika. Za ubao mweupe zilinifutikia sehemu nzima ya pili kwa jasho la kiganja, nikaanza upya.