Viazi Vilivyolala

Jumamosi usiku, Tanga

Viazi nilivyovichemsha jana baada ya sala ya Isha vililala ndani ya jokofu na maganda yake, na leo alasiri vimetoa tikki kumi na mbili ambazo hakuna hata moja iliyovunjika. Ninaliandika hili kwa sababu kwa miaka miwili zimekuwa zikinimeguka kwenye mafuta, nami nilikuwa nikilitafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Aloo tikki ni chakula cha barabarani cha India ya kaskazini: kiazi kilichopondwa na kutiwa viungo, kikabonyezwa kuwa duara bapa, kisha kikakaangwa polepole mpaka kikashika ukoko pande zote mbili. Nilikutana nacho Delhi nilipomsindikiza mama kwenye matibabu, kuanzia Januari hadi Aprili. Tulipanga chumba Lajpat Nagar, kusini mwa jiji, na kila jioni nilipotoka hospitali nilipita kwa muuzaji mmoja aliyekaa pembezoni mwa soko. Chuma chake kilikuwa kipana kama sinia la harusi na kimebonyea kidogo katikati, hivyo samli ilijikusanya pale katikati, na tikki zilizokwisha kuiva zilisogezwa ukingoni zisipoe. Mteja akifika, muuzaji aliivuta moja, akaikandamiza kwa kijiko bapa cha chuma mpaka kingo zake zikapasuka, akairudisha kwenye samli ili zile nyufa nazo zipate ukoko, ndipo akaiweka katika kibakuli cha majani makavu na kuimwagia mtindi, chatini ya ukwaju na chatini mbichi ya kotmiri na nanaa. Baridi ya Delhi mwezi wa Januari ni kali kwa mtu wa pwani, na kile kibakuli nilikishika kwa mikono miwili.

Mama, ambaye siku zile dawa zilikuwa zimemwondolea hamu ya kula, aliimaliza yote, akaniuliza kama hii ni katlesi isiyotiwa nyama.

Swali lake lilikuwa na msingi. Sisi tumekulia kwenye katlesi, kachori na viazi karai, na mkono wa Kihindi katika vyakula hivyo hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa Tanga. Hata jina tumeshirikiana: kiazi chenyewe asili yake ni Amerika, Wareno ndio waliokifikisha pwani ya magharibi ya India, na Wamarathi wa upande huo hadi leo wanakiita batata kama sisi tunavyosema mbatata. Watu wa kaskazini walikipa neno lao la zamani, aloo, ambalo hapo awali lilitumika kwa viazi vingine vya ardhini. Pilipili kali nayo ilitoka Amerika kwa njia hiyo hiyo. Hunigusa sana kufikiri kwamba chakula kinachoonekana kuwa cha Delhi tangu na tangu kilisubiri vitu viwili vivuke bahari.

Lakini ni katlesi hiyo hiyo iliyonipoteza. Niliporudi nyumbani nilianza kupika kwa mazoea: nilimenya viazi, nikavikata vipande, nikavichemsha, nikaviponda vingali na moto, nikatia kitunguu maji kilichokatwakatwa, chumvi na ndimu. Mchanganyiko ukawa tepetepe. Nikaongeza yai, halafu unga wa ngano, halafu chenga za mkate, na kadiri nilivyoongeza ndivyo ladha ya kiazi ilivyofifia, na bado zilivunjika.

Juma hili ndipo nilipomkumbuka vizuri mwenye nyumba wetu, mama wa makamo tuliyemwita Anti kama walivyomwita wapangaji wote. Jikoni kwake yai halikuingia kabisa. Alichemsha viazi usiku, vizima na maganda yake, na mimi nilidhani anafanya hivyo ili apunguze kazi ya asubuhi. Ilipofika Navratri ya Machi, siku za mfungo wa Wahindu, alitengeneza tikki bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, akatumia chumvi ya mawe na unga wa singhara, tunda la majini lenye wanga mwingi, badala ya unga wa nafaka. Zilishikana kuliko zote nilizowahi kuziona. Nilikuwa nimesimama pembeni yake na sikuona kwamba jibu liko mbele ya macho yangu.

Adui wa tikki ni maji. Kiazi kilichomenywa na kukatwa huyanywa maji ya sufuriani, lakini kile chenye ganda lake hujikinga. Wanga wa kiazi ukipikwa hunyonya maji na kulainika, na ukiachwa upoe usiku kucha hujipanga upya na kukaza, kwa hiyo kiazi kilicholala huparuzika kikavu na kushikana chenyewe. Kitunguu hutoa maji, chumvi huyavuta, na ndimu ni maji matupu. Ndiyo maana Wahindi hupata ukali kwa amchur, yaani unga wa maembe mabichi yaliyokaushwa. Mimi sikuwa nao leo, nikauacha ukali wote kwenye chatini ya ukwaju.

Nilitumia kilo moja ya viazi vya Lushoto. Nilivimenya asubuhi, nikaviparuza kwenye kikwaruzo badala ya kuviponda, kwa sababu kiazi kikipondwa mno hugeuka gundi. Nilitia kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba niliyoikaanga kavu na kuitwanga, nusu kijiko cha garam masala, pilipili mbichi mbili, tangawizi, kotmiri iliyokaushwa vizuri kwa kitambaa, vijiko vitatu vya chakula vya konflawa, na chumvi mwisho kabisa. Nilipoufinya mchanganyiko kiganjani, ulibaki na alama za vidole vyangu, na kiganja kikabaki kikavu. Hapo nilijua.

Kazi iliyobaki ni kusubiri, nayo kwangu ni ngumu kuliko zote. Nilizipanga kwenye chuma cha chapati juu ya moto wa wastani, nikajizuia kuzigusa kwa dakika sita. Mwanzoni mafuta hutoa povu na sauti ya juu, kisha sauti hupungua kadiri unyevu unavyokwisha. Nilisukuma moja kwa ncha ya kijiko, ikagoma, nikaiacha. Dakika moja baadaye niliisukuma tena, ikateleza, na chini yake ilikuwa na rangi ya ganda la korosho iliyokaangwa.

Mama alikula mbili barazani, ya tatu akaivunja kwa vidole, akasikiliza ukoko ukikatika, akataja jina la Anti na kuuliza kama ile namba yake ya simu tunayo bado. Tunayo. Kesho jirani zetu watakuja saa kumi alasiri, na sasa hivi sufuria imo jikoni, viazi kumi na vitano na maganda yake, ninasubiri vipoe niviingize kwenye jokofu ndipo nilale.