Kan, mag, moet: kaunta buku la bibi wa Makorora

Maneno ya kwanza ya Kiholanzi niliyoyaelewa bila kutafsiriwa ni "ik moet". Mjukuu wangu wa miaka 5 alikuwa ananionyesha gari lake la kuchezea kwenye simu, ghafla akabana miguu, akasema "Oma, ik moet!", akaitupa simu na kutoka mbio. Nikabaki naangalia dari la nyumba ya Utrecht, Uholanzi, nasikia mlango wa choo ukibamizwa. "Bibi, lazima mimi." Lazima ufanye nini, hakusema, na wala sikuhitaji kuuliza. Hata huku Makorora, Tanga, mtoto akisema "nimebanwa", nani anamwuliza umebanwa na nini?

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimekula chaki miaka 31, nikisahihisha vitenzi visaidizi vya watoto wa watu, leo ninasahihishwa vya kwangu na mtoto ambaye hajaota meno ya ukubwani. Binti yangu ameolewa huko, na mwanawe Kiswahili anacho cha salamu na cha chakula, basi. Nikaona nikingoja akue aje kwenye lugha yangu, nitakuwa nimeshakwenda zangu. Nikanunua kaunta buku la kwaya mbili, nikawekewa programu ya kujifunzia kwenye simu, tukakubaliana kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni tuongee. Wakati wa baridi kwao huwa ni saa kumi, ametoka kucheza, mashavu mekundu.

Matamshi hayakunipa tabu kama nilivyotishwa. Ile g yao inayowakwaruza wageni koo ni kh tu. "Mag" unaitamka "makh", na koo langu lilishatengenezwa madrasa, Barabara ya 12 kule Ngamiani, kwa fimbo ya mnazi. Binti yangu anasema ninaitamka vizuri kuliko yeye. Sishangai, yeye alikuwa mtoro.

Shida ikaanza kwenye vitenzi visaidizi vyenyewe. Vipo vichache: kunnen (kuweza), mogen (kuruhusiwa), moeten (kulazimika), willen (kutaka), zullen (ile "ta" yetu ya wakati ujao), na mmoja mtukutu aitwaye hoeven ambaye nitamfikia. Kitenzi cha kawaida, ukisema "yeye", unakipachika t mwishoni: ik werk, hij werkt. Hawa wakubwa, ukimtoa hoeven, hawataki. Hij kan, hij mag, hij wil, hij zal. Nimeandika "hij wilt" mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Nilipolalamika, binti yangu akanituliza kwamba Waholanzi wenyewe wanaikosea hiyo kila siku. Ikanipa raha kidogo, ile raha ya mwalimu.

Halafu kuna kule kukaa kwa maneno. Sisi tunasema "nitakupikia samaki kesho", na neno moja limebeba mpikaji, wakati, mlaji na mapishi, kila kitu kimo. Kiholanzi: "Ik zal morgen vis voor je koken." Zal iko huku mbele, koken iko kule mwisho, katikati umepanga kesho, samaki na mjukuu. Kitenzi kikuu ni kama konda: gari limejaa, mlango unafungwa, ndipo anadandia. Mwanzoni nilikuwa nafika kwenye samaki nishasahau nilitaka kuwafanya nini. Mtoto ananitazama, mdomo wazi, anangoja. Wanaisikiliza sentensi mpaka mwisho hawa watu, hawana budi.

Lakini hayo ni ya kukariri, na kukariri naweza. Kilichonitoa jasho ni kan na mag.

Siku moja nikamwuliza: "Kan ik je tekening zien?" Nilitaka kusema naomba nione mchoro wako. Akajibu "weet ik niet", sijui. Nikadhani ananinyima. Kumbe hapana. Akaisogeza karatasi hadi ikagusa kamera, skrini yote ikawa ya kijani, akauliza: "Kan je het nu zien?" Mtoto alielewa nauliza kama macho yangu yanafika! Atajuaje yeye, yupo Utrecht, macho yapo Tanga. Nilipaswa kusema "mag ik". Kan ni uwezo wa mwili, wa akili au wa hali ilivyo. Mag ni ruhusa.

Nikakaa barazani usiku ule nikijiuliza kwa nini hili linanipiga chenga, wakati Kiswahili tuna kuweza na tuna kuruhusiwa. Nikaona ni kwa sababu sisi ruhusa hatuiombi kwa kitenzi hicho. Mlangoni tunapiga hodi. Maji tunasema "naomba maji". Hawa vijana wa siku hizi wanaosema "naweza kupata maji?" nilikuwa nawajibu darasani: utashindwaje, mikono si unayo? Kumbe nilikuwa nafundisha kan na mag bila kujua, halafu mwenyewe nimekuja kuanguka palepale.

Sasa huyo hoeven. Ilikuwa saa ya chakula kwao, mtoto amewekewa stamppot, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na majani yanayofanana na sukuma wiki. Anaizungusha kwa uma, anaipanga vilima, haili. Nikamhurumia. Nilitaka kumwambia si lazima aimalize. Lazima ni moet, si ni niet, nikaunganisha kama fundi: "Je moet niet eten."

Akaweka uma chini palepale. Akamgeukia mama yake, uso mkavu kama kadhi: "Mag niet van oma." Bibi amekataza.

Mama mtu alikuja kwenye simu amekunja ndita. Mimi huku najitetea kwa Kiswahili, kule mtoto ameshashuka kitini. Ndipo nikaelezwa: moet ukiitia niet, haigeuki kuwa "si lazima", inaelekea kuwa "usifanye". "Si lazima" ina kitenzi chake, hoeven, nacho hakitembei bila neno la kukanusha au la kupunguza, na tofauti na wenzake kinataka te kabla ya kitenzi kikuu. Je hoeft niet alles op te eten, si lazima umalize chote. Niliiandika mara 10 kwenye kaunta buku, kama adhabu. Baadaye nikasikia kwamba Wabelgiji wa Flanders, nao Waholanzi wa lugha, wanasema "moet niet" kwa maana yangu ileile. Kwa hiyo sikukosea, nilikosea nchi tu. Binti yangu hakucheka.

Alicheka siku ya mkwe. Mkwe wangu ni kijana mtaratibu, haongei sana. Siku ya kuzaliwa kwangu akaja mbele ya kamera, akaniambia: "Ik mag u graag." Nami sasa mag ninaijua, nikaichambua papo hapo kama mtihani: ik, mimi, mag, naruhusiwa, u, wewe wa heshima, graag, kwa furaha. Mimi naruhusiwa wewe kwa furaha. Nikavuta ushungi. Jamani, mkwe! Huku kwetu mkwe akinipita barazani anatazama ardhi. Binti yangu alipopata pumzi akasema: "Mama, mogen yenyewe ni kumpenda mtu, kupatana naye. Anakwambia anapenda ulivyo." Nikasema aniandikie. Hadi leo nikiiona pale kwenye kaunta buku naona haya kidogo.

Zou bado sijaiweza, ile ya adabu. "Zou je dat willen herhalen?", vitenzi vitatu kwa kuomba mtu arudie alichosema. Nikichoka nasema "naomba urudie", na mtoto ameshaizoea, anarudia.

Jumamosi iliyopita alikuwa ananionyesha baiskeli yake mpya. Nikamwambia Tanga nasi ni mji wa baiskeli, nikageuza simu aone barabara: mmoja kapakia mkaa, mwingine kampakia mkewe, kakaa upande upande na kanga zake. Akauliza: "Kan oma fietsen?" Bibi anaweza kuendesha baiskeli?

Ninaijua, nimeijua tangu nina miaka 9. Ila goti hili, tangu mwaka juzi daktari amenipiga marufuku. Nikavuta pumzi, nikaipanga kichwani, nikaitoa: "Oma kan fietsen, maar oma mag niet van de dokter."

Binti yangu, aliyekuwa anakunja nguo kule nyuma, akainua uso. Hakusahihisha kitu.

Mtoto akafikiri. Akasema: "Van mij mag het wel."

Kwa upande wake yeye, ruhusa ipo. Baiskeli ya marehemu mume wangu iko uani, imeegemezwa kwenye mwembe. Tairi la nyuma halina upepo.