Vitanda vitatu vya Seattle na hesabu ya manufaa

Januari 1962, jijini Seattle, Marekani, kilifunguliwa kituo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Kilikuwa na vitanda vitatu. Miaka miwili kabla, daktari Belding Scribner alikuwa amebuni mrija wa Teflon unaobaki mkononi mwa mgonjwa ukiunganisha ateri na vena, kwa hiyo haikuhitajika tena kuharibu mshipa mwingine kila mgonjwa anaporudi kwenye mashine. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi zaidi ya miaka 10. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, na aliyekosa kitanda alikuwa anakwenda kufa.

Kuchagua waliachiwa watu saba ambao majina yao yalifichwa: mwanasheria, kasisi, mfanyabiashara wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na daktari mpasuaji. Madaktari walikwisha kuwaondoa watoto na waliozidi miaka 45. Kati ya waliobaki, kamati ilitazama ndoa, idadi ya wanaomtegemea mgonjwa, kipato, mali, elimu, kazi, utulivu wa akili, hata kushiriki kanisani. Jarida la Life lilipoyaandika hayo Novemba mwaka huohuo, watu walishtuka, na tangu hapo kisa hiki hutajwa kama ushahidi kwamba falsafa ya manufaa, ile inayosema tendo jema ni lile lenye kuleta heri kubwa zaidi kwa wote wanaoguswa nalo, huishia kwenye ukatili.

Naona lawama hiyo imeelekezwa mahali pasipo pake. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, aliyeipa falsafa hii umbo mwaka 1789, alishikilia kwamba kila mtu ahesabiwe kuwa mmoja na asiwepo wa kuhesabiwa zaidi ya mmoja. Kinachopimwa ni heri ambayo mtu ataipata au ataikosa. Kamati ilipima kitu kingine kabisa: ilipima thamani ya mtu mwenyewe, na ikampa alama nyingi yule aliyefanana na wanakamati.

Kuna jibu ambalo haifai kulikwepa. Watoto wanne wa mgonjwa nao ni watu, na uchungu wao wa kufiwa ni uchungu halisi, sasa kwa nini usiingizwe kwenye hesabu? Kwa kanuni, unaingia. Lakini kabla ya kuuingiza lazima uonyeshe kwamba unaweza kuupima, na kwamba kutangaza kigezo hicho hakutaleta madhara mengine. Nani ajuaye kama kijana asiye na mke angekuwa nguzo ya wazazi wake wazee? Kamati isingeweza kujua, na pengo hilo la ujuzi ikalijaza kwa upendeleo. Tena mahali ambapo watu wanajua kwamba uhai wao utapimwa kwa mali na sifa, maskini huacha kuiamini hospitali, na hasara hiyo inawafikia hata wasiougua figo. Anayehesabu manufaa kwa uaminifu ana sababu nzito za kuifunga kabisa safu ya "faida kwa jamii" na kubaki na faida ya kitabibu.

Hesabu yenyewe ya faida ya kitabibu ina mahali watu wengi hujikwaa. Tuseme kuna mashine moja na wagonjwa watatu. Wa kwanza asipotibiwa atakufa. Akitibiwa ana uwezekano wa asilimia 70 wa kuishi miaka 10. Wa pili naye atakufa bila tiba. Akitibiwa ana asilimia 40 za kuishi miaka 15. Wa tatu akitibiwa ana asilimia 95 za kuishi miaka 10, lakini hata bila mashine ana asilimia 60. Jicho linamkimbilia wa tatu kwa sababu ndiye mwenye matumaini makubwa. Toa sasa kile ambacho angekipata bila mashine: wa kwanza anaongezewa miaka 7, wa pili 6, wa tatu 3.5 tu. Kinachohesabiwa ni tofauti inayoletwa na tiba, si hali ya mgonjwa baada ya tiba. Kosa hili ni la kawaida mno, na linaua watu kwa sababu linaipeleka mashine kwa anayeihitaji kidogo kuliko wenzake.

Kisha tazama muda. Katika chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja akihitaji mashine ya kupumulia siku 30 ili apate miaka 7, na wawili wakihitaji siku 15 kila mmoja ili wapate miaka 5 kila mmoja, siku hizohizo 30 zinazaa 10 badala ya 7. Bila kuuliza "kwa siku ngapi?" hesabu haijakamilika.

Takwimu zinazoingizwa nazo hudanganya. Wakati wa UVIKO-19, miongozo mingi ya kugawa mashine ilitegemea alama za SOFA, zinazopima jinsi viungo vya mwili vilivyoshindwa kazi: mapafu, damu, ini, moyo, ubongo na figo, kila kimoja 0 hadi 4, jumla 24, na alama za juu ndizo mbaya. Mtu mwenye ugonjwa wa figo wa siku nyingi ana kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja) ya juu hata siku yake nzuri, kwa hiyo anaingia mlangoni akiwa tayari na alama mbaya zisizotokana na maradhi yaliyomleta.

Fumbo la behewa lililokosa breki, liachwe liue watu watano au ligeuzwe liue mmoja, ambalo mwanafalsafa Philippa Foot alilianzisha mwaka 1967, huvuta mjadala mrefu kuliko linavyostahili. Humo kila kitu kinajulikana kwa hakika na idadi haibadiliki. Wodini hakuna la hakika, na wakati mwingine hata idadi inabadilika: Oktoba 1972 Marekani ilipitisha sheria, na kuanzia Julai 1973 Medicare, bima ya afya ya serikali, ikaanza kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo zilizokufa. Swali la nani apewe kitanda likafutika. Kabla ya kugawa, basi, uliza ni nani aliyepanga idadi ya vitanda na kama inaweza kuongezwa.

Hesabu ikahamia kwenye bajeti, maana gharama ya mpango huo ilipita makadirio. Uingereza, taasisi ya NICE, inayoshauri ni tiba zipi zilipiwe na serikali, kwa miaka mingi ilitumia kikomo cha gharama cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili unaoongezwa na tiba. Mwaka wa maisha yenye maumivu au ulemavu huhesabiwa chini ya moja. Kipimo hicho cha miaka kinafaa sana kulinganisha dawa mbili za ugonjwa uleule. Kikitumika kuamua nani aokolewe, kina hatari kubwa: mtu wa kiti cha magurudumu ambaye mwaka wake umepewa 0.6 ataonekana daima ni faida ndogo, ingawa yeye mwenyewe anaupenda uhai wake kama mwingine yeyote. Katika uamuzi wa kuokoa uhai, mwaka mmoja wa kila mgonjwa uandikwe moja.