Kukamatwa, Kuzuiliwa, Kuwekwa Ndani

Mwezi wa nne mwaka 2021, asubuhi moja, nilikaa jikoni kwetu Louisville, Kentucky, na fomu ya N-400 mbele yangu. Ndiyo fomu ya kuomba uraia wa Marekani. Nilikuwa nimetoka kazini, kazi ya usiku ya kupanga vifurushi karibu na uwanja wa ndege, na nilitaka kuimaliza kabla usingizi haujanishinda. Jina, anwani zote, waajiri wa miaka 5, safari za nje ya nchi, yote nikajaza. Nikafika kwenye kurasa za ndiyo na hapana, mkono ukasimama.

Swali lenyewe, ukiliweka kwa Kiswahili, linasema hivi: je, umewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa, kuzuiliwa au kuwekwa ndani na askari au ofisa yeyote wa sheria, kwa sababu yoyote ile? Hilo "umewahi" wameliandika kwa herufi kubwa tupu.

Mdogo wangu alikuwa anakunywa chai pembeni. Akachungulia. "Yaya," yaani dada, "weka hapana. Wewe na polisi wapi na wapi?"

Alikuwa na miaka 7 mwaka 2009. Hakujua. Tuliojua tulikuwa wawili tu, mimi na mama, na mama alishaniambia zamani kwamba jambo lile limezikwa.

Mwaka huo wa 2009 tulikuwa Nyarugusu, kambi iliyo wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, ambako Wakongo wengi wa Fizi na Uvira wamekaa tangu 1996. Posho ilikuwa unga, maharage, mafuta na chumvi. Ukitaka sabuni, au kiatu, au daftari la mtoto, unatafuta kibarua, na kibarua kilikuwa kwenye mashamba ya wanavijiji, nje ya kambi. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae ndani ya eneo alilopangiwa. Kuvuka kilometa 4 kulihitaji kibali, na kibali hakitolewi kwa mtu anayekwenda kulima mihogo ya watu. Kwa hiyo tulikwenda bila kibali. Karibu kila nyumba ya zoni yetu ilikuwa na mtu aliyekwenda bila kibali.

Nilikuwa na miaka 18. Tulikuwa tunarudi jioni, wanawake sita, majembe begani, karandinga ikasimama. Hatukukimbia. Walituuliza karatasi, hatukuwa nazo, tukapandishwa. Tulikaa kwenye chumba cha mahabusu siku mbili, mchana na usiku, sisi sita na ndoo moja. Hakuna aliyetupiga. Nalisema wazi kwa sababu mama aliogopa siku zote kwamba watu watadhani lilitokea jambo jingine, na msichana aliyelala kituoni, kwetu, maneno yake hayaishi. Asubuhi ya tatu alikuja mtu wa ofisi ya kambi, akazungumza na mkuu wa kituo, tukarudishwa. Hatukupelekwa mahakamani, hatukuandikiwa shitaka, hatukupewa karatasi yoyote. Jembe langu lilibaki kule.

Nyumbani mama alinichemshia maji ya kuoga, akasema: "Ulikuwa kwa shangazi yako, zoni ya mbali. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Basi asubuhi ile ya Louisville niliifunika fomu nikaenda kulala, na sikulala.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilishawahi kujibu swali hilo. Tulifika Marekani mwezi wa nane 2015, na mkimbizi akishatimiza mwaka mmoja anaomba ukaazi wa kudumu, ile kadi ya kijani. Fomu yangu ilijazwa kwa msaada wa mkalimani. Alikuwa na watu wengi nje wanasubiri, akasoma maswali haraka haraka. Aliponifikia hapo aliniuliza maneno mawili tu: "Umewahi kufungwa?"

Nikasema hapana. Na kwa Kiswahili nilisema kweli. Kufungwa ni gereza, ni hakimu, ni kifungo cha miezi au miaka. Aliyelala mahabusu hakufungwa, aliwekwa ndani. Kila mtu anayezungumza lugha hii anajua tofauti hiyo. Lakini Kiingereza cha fomu kilikuwa kimepanga maneno mengi mstari mmoja, na mkalimani akayakunja yote kuwa neno moja. Najua kazi ile ilivyo nzito, simlaumu sana, ila natamani kila anayekalia kiti kile ayasome maneno yote, moja moja, hata kama foleni imefika barabarani.

Niliuliza kanisani. Wengi waliniambia nikae kimya. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema, "Binti yangu, mambo ya Tanzania yamebaki Tanzania. Nani atapiga simu Kigoma kuuliza?" Alisema kwa upendo. Mtu aliyeishi kambini miaka 15 amejifunza kwamba ofisi huipi zaidi ya ilichokuomba, na mara nyingine hata hicho unakipunguza. Maarifa hayo yametuokoa wengi. Ndiyo sababu ilikuwa vigumu kuyaweka chini.

Lakini kanisani humo humo kulikuwa na baba mmoja ambaye ombi lake lilikaa miezi mingi bila jibu. Alikamatwa kwa ugomvi na jirani, kesi ikafutwa, na rafiki akamwambia kesi iliyofutwa haihesabiki. Akaandika hapana. Siku ya kuchukuliwa alama za vidole anajua mwenyewe alichokuwa anawaza. Alama zile zinakwenda FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, na kukamatwa kule kukaonekana. Yeye ndiye aliyenipa namba ya wakili wa shirika linalosaidia wahamiaji bila malipo.

Wakili alikuwa mama wa makamo, mpole, hana haraka. Mazungumzo yalikuwa kwa simu na mkalimani katikati, na safari hii niliomba kila neno litafsiriwe peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusimamishwa na polisi hapa Marekani. Nikamwambia tiketi ya spidi ya mwaka 2018, nilishailipa. Akasema hiyo nayo iandikwe. Faini ya barabarani iliyo chini ya dola 500, ikiwa hukukamatwa na hakukuwa na pombe wala dawa za kulevya, haidai karatasi za mahakama, lakini swali linauliza kuandikiwa kosa, na mimi niliandikiwa.

Halafu akanieleza jambo ambalo nimeshawasimulia watu wengi tangu siku ile. Sheria inaangalia tabia njema ya mwombaji, hasa miaka 5 kabla ya kupeleka ombi, mpaka siku ya kula kiapo cha uraia. Siku zangu mbili za 2009 ziko mbali nje ya miaka hiyo, na halikuwa kosa la kumnyima mtu uraia. Lakini usaili, pale ofisa anapoipitia fomu na wewe swali kwa swali, unafanywa chini ya kiapo. Nikinyanyua mkono nikasema hapana, uongo huo utakuwa wa leo, ndani ya miaka 5, na uongo wa kiapo kwa ajili ya kupata uraia unavunja tabia njema peke yake, hata kama ulichokificha kilikuwa kidogo. Alinionya pia nisichukue habari yangu kuwa kipimo cha wengine. Kuna makosa ambayo mtu akipeleka ombi hakosi uraia tu, anaweza kufunguliwa kesi ya kuondolewa nchini. Aliyewahi kuendesha amelewa mara mbili ndani ya miaka hiyo, mwenye kesi ya kumpiga mwenza, mwenye kesi ya bangi, aonane na wakili kabla ya kutuma. Na mwenye kesi iliyofutwa alete hati ya mahakama yenye muhuri inayoonyesha ilikwishaje, kwa sababu fomu inataka hata zile zilizofutwa kwenye kumbukumbu.

Mimi sikuwa na hati ya kuleta. Akasema tuandike maelezo yangu, pamoja na lile "hapana" la 2016 na jinsi nilivyoulizwa. Na kama yupo mtu aliyejua habari hii wakati ule, naye aandike, chini ya kiapo.

Mtu huyo ni mama.

Nilimwambia usiku, sebuleni. Hakunijibu. Alikunja nguo zote zilizokuwa kwenye kapu, akaenda kulala. Wiki mbili nzima hatukuligusa.

Katika wiki hizo mdogo wangu alikuwa ananifundisha maswali ya uraia. Wakati ule yalikuwa 100, ofisa alikuuliza yasiyozidi 10, ulitakiwa upate 6. Mojawapo liliuliza Susan B. Anthony alifanya nini. Jibu lilikuwa kwamba alipigania haki za wanawake. Mdogo wangu aliongeza ya shuleni kwao: kwamba mwaka 1872, huko Rochester, alipiga kura wakati wanawake hawaruhusiwi, akakamatwa, akatozwa faini ya dola 100, akakataa kuilipa.

Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Akauliza, "Alikamatwa na askari?"

"Ndiyo, mama. Na sura yake iko kwenye sarafu ya dola moja."

"Na watoto wanafundishwa?"

"Wanafundishwa."

Aliendelea kuchambua. Kesho yake, kabla sijaenda kazini, akasema, "Niitie yule mama wakili."

Niliweka simu mezani kwa sauti ya wazi. Nilidhani atasema maneno matatu: binti yangu alishikwa, alikaa siku mbili, akarudi. Lakini mama alianza na jioni yenyewe, jinsi alivyohesabu majembe yaliyorudi kwenye zoni na kukosa la kwangu. Alisema alimpeleka mdogo wangu kwa jirani. Alisema alitembea usiku ule ule mpaka kituoni, hana kibali, hana taa, akakaa chini ya mwembe ulio ng'ambo ya barabara, mahali anapoona mlango. Mchana alirudi kambini kuwasihi watu wa ofisi, jioni akarudi mwembeni. Siku mbili zote. Aliogopa kusogea asije akakamatwa naye, mtoto akabaki bila mtu.

Miaka 12 sikulijua hilo. Mle ndani niliamini niko peke yangu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe ndiyo maana nililala kwa jirani," akasema polepole. Mkalimani kwenye simu alinyamaza kidogo kabla ya kutafsiri. Wakili aliuliza kama mama yuko tayari kutia sahihi. Mama akasema yuko tayari.

Usaili uliangukia mwezi wa kumi na moja. Wakati wa barakoa, aliruhusiwa kuingia mwombaji peke yake, kwa hiyo mama na mdogo wangu walibaki ndani ya gari. Ofisa alikuwa kijana, kioo cha plastiki kati yetu. Nikanyanyua mkono wa kulia nikaapa. Maswali ya uraia niliyapata sita ya kwanza, akaacha. Kisha akaanza kuipitia fomu, swali kwa swali, mpaka tukafika pale.

"Umeandika ndiyo," akasema.

"Ndiyo."

Akatoa maelezo yangu, akasoma. Akatoa ya mama, kurasa mbili, akasoma. Sikujua nitazame wapi, nikatazama mikono yangu. Aliniuliza kama kulikuwa na shitaka, nikasema hakuna. Aliniuliza kwa nini 2016 nilisema hapana, nikamweleza habari ya kufungwa na kuwekwa ndani, kwa Kiingereza changu kile, na sauti ilitetemeka. Akaandika kitu. Akauliza tiketi ya spidi kama nimelipa, nikampa risiti. Akaenda kwenye swali lililofuata.

Nilitoka na karatasi ya N-652, ya matokeo ya usaili, alama ikiwa kwenye kisanduku cha kupendekezwa kukubaliwa. Gari lilikuwa upande wa pili wa maegesho. Mama alishusha kioo kabla sijafika.

Hakuniuliza kama nimepita.

"Walisoma?"

"Walisoma, mama."

"Yote?"

"Yote. Hata pale pa mwembe."

Akanifungulia mlango wa nyuma, akasogea nikae karibu naye, na mdogo wangu akawasha gari.