Mwenzako kazini akikukwaza, anajuaje?

Ukisema unaandika kuhusu migogoro kazini wa kwanza kukuona atataka maneno ya kusema tu, yani nimwambieje bosi, nimwambieje yule dada wa uhasibu anayenijibu kama mtoto mdogo. Maneno yapo nitayafikia, ila mimi naona tunaharibu mapema zaidi ya hapo. Tunaharibu wakati bado tunaelewana vizuri, tunacheka wote, na hakuna anayewaza kumuuliza mwenzake hivi siku nikikukwaza utaniambiaje?

Maana ofisi yenye mchanganyiko, watu wa nchi tofauti, dini tofauti, vijana na wazee, waliosoma sana na waliojifunzia kazini, kila mmoja ana njia yake ya kusema sijapenda. Kuna anayekwambia hapo hapo mbele za watu na dakika mbili baadae anakuomba chaja, kwake limeisha. Kuna anayekutumia mtu mzima aje aongee na wewe kwa upole. Na kuna anayenyamaza, kule alikolelewa kunyamaza ndo kusema kwenyewe, anashangaa vipi hujasikia. Wote watatu wanaamini wao ndo wastaarabu.

Chukua kitu kidogo tu. Mtu kaandika kwenye grupu la kazi, "Ripoti ina makosa ukurasa wa 4, rekebisha kabla ya kikao." Kwake hiyo ni taarifa, ana mambo mengine kumi yanamsubiri. Aliyeandika ripoti anaisoma ile meseji huku akijua meneja yumo humo, mteja yumo, na yule kijana wa mafunzo aliyeanza juzi naye yumo. Anajibu "Sawa." Na nukta kabisa. Ile nukta jamani! Wa kwanza anaona kajibiwa, safi, anaendelea na shughuli zake. Wa pili ndo kashasusa hivyo, kuanzia hapo data anazotakiwa kutuma zinachelewa, simu haipokelewi ila imeili inajibiwa, salamu inaitikiwa kwa kidevu, mpaka siku meneja anaambiwa wale wawili hawaivi. Ukiwauliza tatizo nini hakuna atakayetaja ukurasa wa 4, watakwambia "yule ana dharau" na "yule ni mvivu", tukio limeshasahaulika imebaki hukumu.

Na maandishi yanazidisha, kwa sababu hayana sauti wala sura. Kuna utafiti ulitoka 2005 wa kina Justin Kruger na Nicholas Epley, watu walitumiana sentensi kwa imeili, zingine za kejeli zingine za kumaanisha kweli. Waliotuma walikuwa na uhakika wataeleweka, waliopokea wakapatia kwa kiwango kisichopishana sana na kubahatisha, na hao waliopokea nao walijiona wameelewa vizuri tu. Kwa hiyo jambo lolote linalokufanya upige kibodi kwa nguvu usilitume, piga simu au mfuate mtu alipo.

Sasa hapa watu wanapenda kuleta utamaduni. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1976 kwamba kuna jamii ambazo maana karibu yote imo kwenye maneno yenyewe, na zingine maana iko nje ya maneno, iko kwenye nani kasema, kasema lini, na nini hakikusemwa. Inasaidia kuijua, mimi mwenyewe naitumia sana kujiuliza kabla sijakasirika. Lakini nimechoka kuona inavyogeuzwa kuwa lebo, watu wa nchi fulani ni wakali, wa nchi fulani hawasemi ukweli, mtu hata hajafungua mdomo ushamtafsiri kwa pasipoti yake.

Saa zingine kinachomfunga mtu mdomo ni cheo tu wala sio kwao wapi. Ile ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, ya tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani wakafa watu 583. Kwenye ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, rubani mkuu alikuwa ameshaanza kukimbiza ndege ili iruke, fundi wa ndege aliyekaa nao chumba cha rubani akauliza kama ile nyingine, ya shirika la Pan Am la Marekani, imeshatoka kwenye njia ya kurukia, rubani akajibu kwa uhakika kuwa imetoka, ikaishia hapo. Watu wale kwenye chumba cha rubani wote walikuwa Waholanzi, taifa linalosifika kwa kusema mambo waziwazi! Sauti ilitoka, ila ilitoka kama swali, na mkubwa akishajibu swali basi. Baada ya ajali kama hizo ndo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wadogo namna ya kusisitiza na wakubwa namna ya kusikiliza. Yani hawakusubiri mtu azaliwe na ujasiri, walikubaliana njia mapema.

Hicho ndo nataka ofisini pia. Mtu mpya akiingia kwenye timu, au mnaanza mradi pamoja, mwulize tu wakati mnakunywa chai, nikiwa na neno na wewe ungependa nikuambie vipi, hapo hapo au tukiwa wawili? Nikuandikie kwanza ujiandae au nije tu? Kuna mtu ungependa awepo? Na wewe sema yako. Ni dakika tano, watu wengine watakucheka waache wacheke. Na anayetakiwa kuanzisha ni mwenye cheo. Meneja anayesema "mlango wangu uko wazi" halafu anakaa anasubiri, huyo hajafanya kitu, mdogo ndo ana cha kupoteza, akivuka huo mlango vibaya mkataba wake ndo hauongezwi.

Haya, siku yenyewe imefika. Anza na tukio, tabia ya mtu iache. Ukimwambia "una dharau" atatetea utu wake na hapo hata mimi ningetetea. Sema "jana wakati naeleza bajeti ulinikatiza kabla sijamaliza, mara ya pili nikakaa, mteja akaondoka hajui gharama zetu, ilikuwaje?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko kusema, mdomo unawasha, unataka kuongeza na lile la mwezi uliopita na lile alilofanya kwenye sherehe ya kumuaga fulani. Usiongeze. Anaweza akakupa sababu ambayo hukuwahi kuiwaza, au asikupe, ila angalau sasa mnaongelea kitu kimoja.

Na tafadhali usimtumie mtu "tunahitaji kuongea" Ijumaa jioni bila kusema ni kuhusu nini, huo ni ukatili, wikendi yote mtu halali anahesabu makosa yake.

Kitu kinachosahaulika sana ni lugha. Kwenye kikao cha kusuluhisha anayeongea lugha ya ofisi tangu utotoni anashinda kabla hata hajaanza. Yule anayegombana kwa lugha yake ya tatu anakosa maneno laini, yale ya kupunguza makali, kwa hiyo anaonekana mkali wakati hana shida, au anakaa kimya anatafuta sentensi nyie mnasema amekubali. Mpe muda, mruhusu aandike kwanza, aje kesho na majibu. Hata kumtumia mshenga sio uoga, kwa wengi ndo heshima yenyewe, ilimradi mshenga akutanishe watu, asigeuke hakimu na kuanza kubeba maneno huku na kule.

Utani nao, huu wa lafudhi ya mtu, mavazi ya dini yake, chakula chake kinanuka. Ukiambiwa umeniumiza usianze kueleza ulikuwa unatania, utani ni wa watu wawili, mmoja akitoka umeisha. Sema samahani, sitarudia, nyamaza. Ile ya "samahani kama umekwazika" ni bora usingeomba kabisa.

Ila kuna mambo sio ya kukalishana wawili hata kidogo. Kushikwashikwa, vitisho, kutukanwa kwa asili yako, kutakwa kimapenzi ili upate kazi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unasema wazi hata tukio la mara moja linaweza kuwa ukatili au unyanyasaji, halihitaji kujirudia. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo, hifadhi meseji, na peleka kunakohusika. Mtu akikwambia "nendeni mkayaongee kiutu uzima" kwenye jambo la namna hiyo, ujue anakwepa kazi yake.

Kwa haya mengine ya kawaida, mkishamaliza kuongea andikianeni mistari miwili mlichokubaliana, mfano makosa ya ripoti tunaambiana pembeni kwanza ndo yaende kwenye grupu. Kesho yake msalimie kama siku zote, yeye anakusubiri wewe uanze na wewe unamsubiri yeye. Likijirudia unaanzia kwenye ile mistari miwili, historia yote ya tangu mwaka juzi haihusiki.